Injini ni nyingine, chasisi ni ile ile: wito wa kiwanda unafuata nini?

BARUA

Kaka Mshauri,

Habari za kazi. Safu yako huwa naisoma, ila kuandika sijawahi. Leo nimelazimika, kwa sababu jambo lenyewe limenichanganya na kila ninayemuuliza ana jibu lake.

Nina gari la mwaka 2014. Mwaka jana injini ilianza kugonga, mwanzoni asubuhi tu ikiwa baridi, baadaye muda wote, mpaka ikanoki kabisa nikiwa safarini. Fundi alipoifungua alinionyesha beringi za konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenkshafti, ile shafti kuu ya injini) zimekwisha, na vipande vinavyong'aa vimelala kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Akasema kuikarabati kutanila fedha nyingi kuliko kutafuta nyingine. Tukapata injini iliyotumika, aina ile ile, iliyotolewa kwenye gari la mwaka 2016 lililogongwa nyuma. Ikafungwa, gari likawaka, na hadi leo linakwenda vizuri.

Juzi rafiki yangu mwenye gari kama langu akaniambia lake liliitwa na kampuni kwa kasoro ya injini, akatengenezewa bure. Nami nikaingia kwenye tovuti ya kampuni, nikaandika namba ya chasisi. Jibu likaja kwamba kuna wito mmoja ambao haujatekelezwa, na unahusu injini. Nikampigia wakala. Kijana aliyepokea simu, nilipomwambia injini ilishabadilishwa, alisita kidogo kisha akasema, "Basi huo wito haukuhusu tena, dada. Na hiyo injini uliyoweka sisi hatuifuatilii." Nikamuuliza, sasa inafuatiliwa na nani? Akasema mfumo wao unasoma chasisi tu.

Naomba unisaidie. Wito wa ile injini ya zamani bado ni wangu, au umekufa pamoja nayo? Hii ya 2016 kama nayo ina wito wake nitajuaje, maana gari lake limeshakuwa chuma chakavu? Halafu fundi ananishauri tusage namba iliyo kwenye bloku (mwili wa injini) tupige ile ya zamani, ifanane na kadi ya gari nisisumbuliwe. Anasema wengi hufanya hivyo. Na huko mbele nifuatilie vipi? Barua kama zinatumwa, zinatumwa kwa nani?

Risiti ya injini ninayo. Injini ya zamani bado iko kwa fundi chini ya turubai, na yeye anataka kuiuza skrepa.

Ni mimi,
Dada wa Injini Mbili

JIBU

Dada wa Injini Mbili,

Naanza na ulilomalizia, maana ndilo lenye haraka. Mwambie fundi asiiuze injini hiyo kwanza.

Umesema beringi za konrodi ndizo zilizokwisha. Rudi kwenye ule ukurasa wa kampuni usome maelezo ya wito neno kwa neno. Kama kasoro wanayoitaja ni ya beringi, au ya krenkshafti, au ya mabaki ya chuma yaliyosahaulika ndani wakati wa kuchonga, basi ulilipa kutoka mfukoni mwako kitu ambacho kampuni yenyewe imekiri kilitoka kiwandani na kasoro. Marekani, kampuni inayotoa wito wa usalama inatakiwa kisheria iwe na mpango wa kuwarudishia fedha waliojitengenezea kabla ya kutangaziwa, kwa masharti na muda uliowekwa. Nchi nyingine zina taratibu zao, na zipo kampuni zinazorudisha bila kushurutishwa. Lakini kokote utakakokwenda utadaiwa ushahidi: risiti yenye tarehe, kilomita zilizokuwa kwenye dashibodi siku hiyo, maelezo ya fundi kwa maandishi, picha za beringi, na picha ya namba ya bloku inayosomeka. Wengine watataka kuiona injini yenyewe. Ikishapelekwa kuyeyushwa unabaki na neno lako tu.

Na kasoro za namna hiyo si ngeni. Hyundai iliita magari yenye injini za Theta II mwaka 2015, ikaongeza mengine 2017, kwa sababu ya mabaki ya chuma kwenye krenkshafti yaliyoweza kuziba njia ya oili inayokwenda kwenye beringi za konrodi. Mwaka 2024 Toyota ikaita Marekani kiasi cha magari 102,000, ya Tundra na Lexus LX ya 2022 na 2023, kwa kisa kinachofanana na hicho: mabaki ya uchongaji hayakusafishwa yote. Sisemi lako ni mojawapo. Nasema injini iliyokufa kwa beringi, kwenye gari lenye wito wa injini, haistahili kuuzwa kwa kilo kabla haijachunguzwa.

Sasa tuje kwenye kiini cha mkanganyiko wako.

Kiwanda kikigundua kwamba springi za valvu za kundi fulani ni dhaifu, hakizunguki kutafuta springi. Kinafungua kumbukumbu za uzalishaji, kinaona springi zile ziliingia kwenye injini zipi, injini zile zikafungwa kwenye magari yapi, kisha kinatoa orodha ya namba za chasisi. Kuanzia hapo kila kitu kinakwenda kwa chasisi: barua, tovuti, kompyuta ya wakala, na hata malipo ambayo wakala analipwa na kampuni kwa kazi hiyo. Kwa hiyo kijana wa simu hakukudanganya aliposema mfumo unasoma chasisi tu. Kosa lake ni kudhani kwamba ambacho mfumo haukioni hakipo.

Injini yako ya 2016 ni kama mwanafunzi aliyehamishwa shule bila faili lake: faili limebaki shule ya zamani, na shule yenyewe imefungwa. Wito ukitolewa kesho kwa injini za kundi lake, utatajwa kwa chasisi ya gari lililokatwakatwa. Barua itakwenda kwa mtu aliyelimiliki mwisho, naye ataitupa kwa kuwa gari hana. Marekani kampuni zikitoa taarifa za maendeleo ya wito huhesabu kando magari yasiyofikika kwa sababu yameibwa, yamepelekwa nje ya nchi au yamekuwa chakavu. Gari lile linaweza kuwa limeshaingia kwenye hesabu hiyo, huku injini yake inakupeleka kazini kila asubuhi.

Hatari ya vifaa kuhama bila historia yao imeshaonekana, tena vibaya. Mwaka 2017 huko Las Vegas binti mmoja aliumizwa shingoni na vipande vya chuma baada ya mfuko wa hewa uliotengenezwa na kampuni ya Takata kupasuka, katika ajali ambayo vinginevyo angetoka salama. Ikabainika kwamba mfuko ule haukuwa wa gari lake. Ulitolewa kwenye gari jingine, ukauzwa kama kifaa kilichotumika, ukafungwa kwake, na familia iliyonunua gari haikujua. Injini haipasuki namna hiyo, lakini injini inayozima ghafla katikati ya barabara kuu, na lori nyuma yako, nayo si jambo dogo.

Basi swali lako la kwanza, kama wito wa zamani umekufa, haliwezi kujibiwa kwa "ndiyo" au "hapana" kwa njia ya simu. Kwa kila wito uliza jambo moja: kifaa kinachotajwa kiko wapi leo?

Vingine viliondoka na injini: bloku, krenkshafti, pistoni, silinda hedi, springi za valvu. Vingine havikuguswa: tangi na pampu yake, kontroli boksi (kompyuta inayoongoza injini), rejeta, giaboksi, na mara nyingi waya zote. Halafu kuna kundi la tatu, ambalo ndilo linalosahauliwa: vilivyofunguliwa kwenye injini ya zamani vikafungwa kwenye mpya. Altaneta, stata, tabo kama lipo, reli ya injekta, miguu ya injini, pengine hata kava la valvu kwa kuwa lile jingine lilikuwa limepasuka. Kaa na fundi wako umuulize kimoja kimoja alichohamisha, uandike hapo hapo. Baada ya miezi michache hatakumbuka, na wala si kosa lake. Ameshafunga injini za watu wengine wengi.

Chukua ule wito mkubwa wa pampu za mafuta za kampuni ya Denso, ambao kwa Toyota pekee mwaka 2020 ulifikia zaidi ya magari milioni 5 duniani. Kipangaboi cha ndani ya pampu kiliweza kuvimba na kukwaruza, mafuta yakapungua, injini ikazima. Dalili yake dereva anaiita "ugonjwa wa injini", lakini pampu ile inakaa ndani ya tangi. Hata ubadilishe injini mara tatu, iko pale pale inakungoja. Upande wa pili uko wito wa Subaru wa mwishoni mwa 2018, uliohusu springi za valvu zinazoweza kukatika kwenye baadhi ya Impreza, BRZ na ndugu yake wa Toyota. Huo umo ndani ya injini kabisa. Injini ikihama, springi zimehama nayo.

Ugumu uko katikati. Hyundai, kwa injini zile zile nilizozitaja, baadaye ilianza kuweka programu inayosikiliza mitetemo kupitia sensa ya kunoki, ili beringi ikianza kuharibika gari liwashe taa na kupunguza nguvu kabla mambo hayajaharibika. Programu hiyo inakaa kwenye kontroli boksi, na kontroli boksi yako ni ya gari lako, haikuja na injini. Hapo neno "injini" kwenye karatasi linakupoteza: bloku imeondoka, programu bado unaihitaji.

Au tazama General Motors, Aprili 2025, injini za V8 za lita 6.2 kwenye magari ya 2021 hadi 2024. Kiasi cha magari 721,000 duniani yaliitwa kwa kasoro ya krenkshafti na konrodi. Injini iliyoshindwa ukaguzi inabadilishwa. Iliyofaulu inawekewa oili nzito zaidi, 0W-40 badala ya 0W-20, pamoja na filta, kifuniko kipya cha oili, na karatasi ya kuongeza kwenye kitabu cha gari. Hebu fikiria injini kama hiyo imetolewa na kufungwa kwenye gari jingine. Kitabu cha gari jipya kinasema 0W-20, kifuniko cha zamani kimepotea gereji, na fundi anamimina kile kitabu kinachosema. Matibabu yote yalikuwa kwenye oili na karatasi, na hayakuhama na chuma. Ndiyo maana ukipata historia ya injini yako usiridhike na jibu la "ilishatengenezwa". Uliza ilitengenezwa nini.

Kwa hiyo kwa wito wa zamani: upeleke kwa wakala na gari na karatasi, watazame kwa macho, wauandike kuwa haustahili au wafanye ile sehemu iliyobaki. Usiuache wazi. Siku utakapouza, mnunuzi makini ataandika namba ya chasisi kama ulivyoandika wewe, na utaanza kueleza hadithi ndefu ya injini mbili kwa mtu ambaye tayari ameshakuwa na shaka. Ziko nchi ambazo ni zaidi ya usumbufu. Ujerumani gari linaweza kuzuiwa kutembea barabarani mwenyewe asipotii wito mzito wa usalama.

Swali la pili, la injini ya 2016. Unachokitafuta ni namba ya chasisi ya gari lililoitoa. Bila hiyo unapapasa gizani.

Anza na risiti. Baadhi ya wauzaji huiandika. Kama haipo, tazama bloku na kava la juu: yadi nyingi za magari mabovu huandika namba yao ya stoo kwa kalamu ya rangi, ya njano au nyeupe, na kwa namba hiyo wanaweza kufungua kumbukumbu zao na kukusomea chasisi. Piga simu mapema, kwani si wote wanaotunza kumbukumbu kwa muda mrefu.

Kisha namba ya injini yenyewe. Kwenye injini nyingi imepigwa kwenye sehemu bapa ya bloku, mara nyingi karibu na inapoungana na giaboksi, mahali ambapo oili na vumbi hupenda kukaa. Mwambie fundi apasafishe kwa dawa ya kuondolea grisi na kitambaa, asitumie brashi ya chuma wala msasa. Paka chaki juu ya herufi, futa kidogo kwa kidole. Chaki itabaki kwenye mifereji na namba itasomeka. Piga picha na tochi ikimulika kutoka ubavuni. Utaona sehemu mbili: herufi chache za kwanza ni aina ya injini, ambazo maelfu ya injini wanazo, na tarakimu zinazofuata ndizo zake peke yake. Watu wengi huandika zile za kwanza tu kwenye risiti. Hazitambulishi injini yoyote.

Kuna watakaokuonyesha tarehe kwenye plastiki ya kava la valvu, ile duara ndogo yenye mshale, wakakwambia injini ni ya mwezi fulani. Ile ni tarehe ya kava kumiminwa kwenye kalibu. Kava hubadilishwa. Usijengee hoja juu yake.

Ukiwa na namba kamili ya injini, wakala mwenye nia anaweza kuomba kampuni itazame injini hiyo ilizaliwa na chasisi gani. Hata kama yadi imekupa chasisi, bado nakuomba umwombe alinganishe. Sababu ni hii: gari la 2016 lenyewe huenda liliwahi kubadilishiwa injini, labda kwa wito, labda kwa mtumba mwingine. Kama namba ya bloku yako na namba iliyo kwenye kumbukumbu za gari lile hazifanani, historia ya gari lile si historia ya injini yako. Jambo hili hata mafundi wazuri hulipita.

Namba ya chasisi ukiipata, itazame vizuri kabla ya kuiandika kwenye tovuti. Magari ya masoko mengi yana herufi na tarakimu 17, na kati yake hakuna I, O wala Q. Kwa hiyo ukiona kitu kama O, ni sifuri. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana namba fupi yenye kistari katikati, na tovuti ya Marekani haitaitambua hata uandike mara ngapi. Gari huangaliwa kule lilikouzwa likiwa jipya. Kwa Marekani ni NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani, na mtu yeyote anaweza kuandika chasisi yoyote bila kuthibitisha kwamba ni mmiliki. Kwa Japani ni kampuni yenyewe au Wizara ya Ardhi, Miundombinu, Uchukuzi na Utalii. Uingereza huulizwa kwa namba ya usajili badala ya chasisi, kwa hiyo kama gari lile lilitoka huko, iombe yadi na namba hiyo pia.

Halafu usikose kulielewa jibu. Tovuti ya NHTSA huonyesha miito ambayo bado haijatekelezwa. Ikikuletea ukurasa mtupu, huenda gari halikuwahi kuitwa, au liliitwa na likatengenezwa. Huenda wito umetangazwa karibuni na orodha ya chasisi haijakamilika, au una zaidi ya miaka 15. Kampeni za huduma ambazo si za usalama nazo hazimo, na kasoro nyingi za injini za kula oili hushughulikiwa kwa kampeni za aina hiyo. Kwa hiyo mwombe wakala akuchapishie historia yote ya chasisi ile, yaliyofanyika na yasiyofanyika, na tarehe zake.

Ikitokea injini yako ina wito ambao haukutekelezwa kwenye gari lake la kwanza, je, watakutengenezea bure? Hapa usitarajie mteremko. Wakala hulipwa kwa chasisi, na chasisi iliyoko mbele yake siyo iliyo kwenye orodha, hivyo hawezi kufungua kazi bila idhini ya kampuni. Usigombane naye dirishani, hana mamlaka hayo. Iandikie kampuni moja kwa moja, kitengo cha huduma kwa wateja: chasisi mbili, namba ya injini, picha, risiti, na ombi moja lililo wazi, kwamba kasoro iliyotangazwa imo kwenye injini hii na unaomba itengenezwe. Taka jibu la maandishi. Wapo wanaokubali, hasa pale kasoro inapogusa usalama. Wakikataa, barua ya kukataa ipeleke kwa mamlaka inayosimamia miito katika nchi yako. Na kama kasoro yenyewe ni ya kuzimisha gari au ya kuvuja mafuta, jilipie matengenezo huku ukidai. Usiendelee kuliendesha ukisubiri barua.

Sasa hilo la kusaga namba. Dada, hapana. Nchi nyingi ni kosa la jinai, na polisi wakikuta bloku iliyosagwa hawataanza kwa kuuliza kuhusu wito wa kiwanda, wataanza na wizi wa magari. Lakini hata tukiweka sheria pembeni, namba ile ndiyo uzi pekee unaoiunganisha injini yako na kumbukumbu za kiwandani. Fundi akiisaga na kupiga ya zamani, siku injini za kundi hilo zitakapoitwa hakuna mtu duniani atakayeweza kujua kwamba yako ni mojawapo, hata wewe. Na madai yako ya kurudishiwa fedha yatasambaratika pia, kwa kuwa kutakuwa na injini mbili zenye namba moja, moja chini ya turubai na nyingine kwenye gari. Kama kadi ya gari katika nchi yako inaonyesha namba ya injini, nenda ukaibadilishe rasmi kwa risiti na taarifa ya fundi. Ni foleni na fomu, basi. Kabla ya kwenda, hakikisha namba ya injini uliyonunua haimo kwenye orodha ya magari yaliyoibwa. Ni afadhali uyajue hayo wewe kwanza.

Kuhusu siku zijazo, barua hutumwa kwa anwani ya mmiliki inayojulikana. Gari lililonunuliwa likiwa limetumika mara nyingi bado linasoma jina la mwenyewe wa kwanza kwenye vitabu vya kampuni. Jisajili kwa kampuni kama mmiliki wa chasisi yako, simu na barua pepe zikiwemo. Kwa chasisi ya gari la 2016 usijiandikishe kama mmiliki, maana hulimiliki. Mwombe wakala aweke maelezo kwenye faili la gari lako kwamba injini namba fulani, iliyotoka kwenye chasisi fulani, ilifungwa tarehe fulani ikiwa na kilomita fulani. Faili hilo ndilo fundi wa kampuni atakalofungua siku ukifika.

Kazi inayobaki ni yako. Andika kadi moja ya chasisi mbili na namba za injini mbili, pamoja na orodha ya vilivyohamishwa, uiweke kwenye kitabu cha huduma. Kila unapobadilisha oili, andika chasisi zote mbili kwenye tovuti. Hazichukui dakika nyingi. Ukisikia kwenye habari kwamba magari ya aina yako yameitwa, usingoje oili. Angalia siku hiyo hiyo, na urudie baada ya wiki chache, kwa kuwa mara nyingi tangazo hutangulia orodha kamili. Ukiuza gari, kadi iende na gari.

Kwa wakala, usirudi kwa simu. Nenda na gari, omba kuonana na msimamizi wa karakana badala ya dawati la mapokezi, mpe nakala za karatasi ubaki na zenyewe, na umwombe mambo matatu kwa maandishi: wito wa chasisi yako ufungwe au utekelezwe, historia ya chasisi ya pili ichapishwe, na namba ya injini ilinganishwe na kumbukumbu za kiwanda. Kama ataweza mawili tu siku hiyo, la tatu muulize litajibiwa lini na nani, uandike jina.